Picha za mnada: zikae kwako au kwa mwenye soko?

Anayeuza kitu kwa mnada kwenye eBay, soko la mtandaoni, ana njia mbili za kumwonyesha mnunuzi picha. Ya kwanza kila mtu anaijua: unachagua picha kwenye simu, unazipandisha, na eBay inazitunza kwenye seva zake, yaani kompyuta zinazotunza mafaili na kuyatoa mtandaoni. Ya pili ni ya zamani zaidi na bado ina watetezi. Picha unaziweka kwenye seva yako mwenyewe, au uliyoikodi, halafu katika maelezo ya bidhaa unaandika mstari wa HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, wenye anwani ya kila picha. Mnunuzi akifungua tangazo, maneno yanatoka eBay na picha zinatoka kwako.

Wauzaji wa siku nyingi bado wanabishana kuhusu hili, hasa wale wa sarafu, stempu, postikadi na vitu vingine vya kale. Hoja inayosikika zaidi ni gharama, na siku hizi ndiyo dhaifu kuliko zote. Iliyo nzito haimhusu muuzaji peke yake. Picha ya mnada ni ushahidi, na swali ni nani aushike ushahidi huo.

Gharama tuimalize mapema. eBay ilipoanza Septemba 1995 kwa jina la AuctionWeb, haikuwa na mahali pa kutunzia picha za watu. Uliyetaka kuonyesha kitu ulitafuta nafasi ya bure kwingine mtandaoni, GeoCities kwa mfano, ukaiweka picha huko na kuiunganisha na tangazo lako. Baadaye eBay ilileta huduma yake, lakini kwa miaka mingi picha ya kwanza tu ndiyo iliyokuwa bure. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kila picha ya ziada ilitozwa senti 15 kule Marekani. Tangazo lenye picha nane lilikula dola 1 na senti 5, na kwa anayeuza postikadi ya dola 4 hiyo ilikuwa ndiyo faida yenyewe. Haishangazi kwamba watu ambao hawakuwa na habari na kompyuta walijikuta wameijua HTML, walau ya kuokoteza.

Leo eBay inapokea picha hadi 24 bure kwa tangazo moja. Senti ya kuokoa haipo tena, na mambo yamegeuka: seva yako ndiyo inayolipiwa. Picha kumi za KB 200 kila moja ni MB 2. Tangazo likifunguliwa mara 500, seva imesukuma GB 1 nzima. Kwa bei za sasa si fedha ya kumtoa mtu jasho, ila anayesema anatunza picha mwenyewe ili kubana matumizi anazungumzia ulimwengu wa miaka ishirini iliyopita.

Kwa nini basi wapo wanaoendelea? Sababu yao yenye uzito ni ukubwa na idadi ya picha. Chukua sarafu ya heller 20, fedha ya ukoloni wa Kijerumani, ya mwaka 1916, iliyopigwa Tabora wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, baada ya Waingereza kuziba njia ya baharini na fedha kutoka Ujerumani kukoma kufika. Ukiitazama juujuu zote ni sawa: upande mmoja taji, mwaka na herufi ya T ya Tabora, upande wa pili thamani yake. Lakini wakusanyaji wanazitenganisha. Kuna za taji kubwa na za taji dogo, za shaba nyekundu na za shaba ya njano, na hata herufi L mbili katika neno HELLER hutazamwa ncha zake, kama zimechongoka au zimejikunja. Mnunuzi wa Berlin au Toronto anataka kuiona ncha ya L kabla ya kuweka dau. Ukimpa picha ndogo, iliyofifia, atapita aende kwa mwingine.

Hapo mwenye seva yake ana nafasi. Anaweka picha kubwa apendavyo, nyingi apendavyo. Hata hivyo hoja hii ina mipaka ambayo watetezi wake huiruka. eBay inataka picha yenye pikseli 500 kwa uchache upande mrefu na inashauri 1,600 ili mnunuzi aweze kuikuza. Kwa sarafu moja, picha 24 za kiwango hicho zinatosha kabisa: uso, mgongo, ukingo, taji, kila L peke yake, na nafasi inabaki. Shida ni ya anayeuza fungu la sarafu 60 kwa pamoja. Kila moja ina pande mbili, hizo ni picha 120, na eBay haikupi nafasi hiyo. Huyo ana haki ya kutafuta mahali pengine. Ila wauzaji wa namna hiyo ni wachache, na hoja yao isibebwe na kila mwenye kiatu kimoja cha kuuza.

Sababu nyingine ni kumbukumbu. Ukitafuta vitu vilivyokwisha kuuzwa eBay, utapata vya takriban siku 90 tu. Mtu anayeuza stempu kwa miaka kumi anataka kuona alichouza, kwa hali gani, kilifananaje. Anataka pia picha ileile aitumie Delcampe, soko la Ubelgiji linalopendwa na watu wa stempu na postikadi, bila kuipandisha upya. Ni hoja ya kweli, lakini inachanganya mambo mawili. Kutunza nakala ya picha yako si lazima kuendane na kuitumia nakala hiyo kulisha tangazo. Folda kwenye diski ya nje inatosha kuwa kumbukumbu, na haihitaji intaneti.

Kuna pia ile ya uhuru: kwamba picha zikiwa kwangu, mwenye soko hanitawali. Hii naisikiliza kwa mashaka, kwa sababu wengi waliojiita huru walikuwa wapangaji tu wa nyumba nyingine. Photobucket, iliyoanza 2003, ilibeba picha za wauzaji wengi wa eBay bila malipo au kwa malipo kidogo. Mwishoni mwa Juni 2017 ilibadilisha masharti yake: anayetaka picha zake zionekane kwenye tovuti nyingine alipe dola 399.99 kwa mwaka. Waliokuwa hawajalipa waliona picha zao zikitoweka kwenye matangazo, na mahali pake ukatokea mchoro wa geji ukimtaka mtu apandishe daraja la akaunti. Kelele zilikuwa kubwa, na mwaka uliofuata kampuni ililegeza kamba na kushusha bei. Lakini minada iliyokuwa hewani wiki ile ya Juni haikungoja. GeoCities nayo ilikuwa imefungwa tangu 2009. Anayesema "picha zangu ziko kwangu" aulizwe kwanza: kwenye kikoa (anwani ya tovuti) unachokilipia kwa jina lako, au kwenye huduma ya bure ya mtu?

Sasa tuje kwenye ushahidi.

Mnada ukishapata dau, eBay inambana muuzaji, na hasa katika saa 12 za mwisho. Hawezi kuyafuta maelezo na kuandika mengine. Anachoweza ni kuongeza. Mantiki iko wazi: watu wameshaahidi fedha kwa kitu walichokiona. Picha zilizo eBay nazo zimo ndani ya uzio huo. Picha iliyo kwenye seva ya muuzaji iko nje. Tangazo linahifadhi anwani tu, na muuzaji anaweza kufuta faili na kuweka jingine lenye jina lilelile. Tangazo halionyeshi dalili yoyote ya kuguswa. Jana kikombe kilikuwa na ufa kwenye mkono. Leo picha ileile, anwani ileile, ufa haupo. Au kinyume chake: kizima wakati wa dau, na ufa unaingizwa kwenye picha baada ya malipo ili mnunuzi akilalamika aambiwe, "Mbona ulionyeshwa?"

Watetezi watasema muuzaji mwaminifu hafanyi hivyo. Ni kweli. Lakini mnunuzi hana namna ya kumjua mwaminifu kwa kutazama anwani ya picha. Hata picha ya skrini aliyojipigia ina udhaifu, kwa kuwa upande wa pili unaweza kudai nayo imechakachuliwa. Wanaoagiza magari yaliyotumika kutoka Japani wanaielewa hofu hii vizuri. Kabla ya kutuma fedha, mtu makini hupakua picha zote za gari na kuzitunza mpaka litoke bandarini Dar es Salaam au Mombasa, maana picha ya kwenye tovuti ya muuzaji ni mali ya muuzaji.

Kinachosahaulika ni kwamba jambo hili linamuumiza muuzaji mwaminifu kuliko tapeli. Tuseme umeuza heller yako ya Tabora, ukaonyesha mkwaruzo karibu na taji kwenye picha iliyo kwenye seva yako. Mnunuzi anaipokea na kudai hakuonyeshwa mkwaruzo wowote. Unamjibu kwa picha. Naye anauliza: nani anajua uliiweka lini? Tarehe za faili zinaweza kubadilishwa, na seva ni yako. Picha hiyohiyo ingekuwa eBay, mwamuzi wa mgogoro angeikuta mwenyewe, mahali ambapo wewe na mnunuzi nyote hamna mkono. Kwa muuzaji anayesema kweli, kuishiwa uwezo wa kubadilisha picha ni kinga.

Yapo mambo madogo ya kupitia haraka. Tangu 2017 eBay imetaka picha za nje zitoke kwenye anwani za https, yaani za mawasiliano yaliyolindwa kwa cheti cha usalama, na hilo liliwatoa wengi mchezoni, ingawa vyeti hivyo sasa vinapatikana bure. Kwenye programu ya simu, mnunuzi anakutana kwanza na picha zilizo eBay. Maelezo, pamoja na picha ulizochomeka humo, yako kando, yanahitaji kuguswa ndipo yafunguke. Na picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Majukwaa makubwa kwa kawaida huichakata upya picha. Seva yako inaitoa kama ilivyo. Kuuza sarafu ya dhahabu huku umeambatanisha ramani ya nyumbani kwako si busara.

Wizi wa picha sitaukawilia. Ukiwa na seva yako unaweza kuzuia matangazo ya wengine yasivute picha zako, na wapo wauzaji waliojifurahisha kwa kumbadilishia mwizi picha ya saa kuwa ya chura. Lakini anayeipakua na kuipandisha kwake hakuna seva inayomzuia.

Kwangu mizani inaegemea kwa eBay, isipokuwa yule wa fungu la sarafu 60 na wenzake. Kwao ningeruhusu picha za ziada zikae kwenye kikoa cha kulipia, kwa masharti. Kila kasoro ionekane kwenye picha zilizo eBay, ili za nje ziwe za kumpa mnunuzi hamu tu na zisibebe ukweli wowote asioweza kuupata kwingine. Picha zisiondolewe mara mnada unapofungwa. Zikae miezi kadhaa, muda wa marejesho na malalamiko upite. Na dau la kwanza likishaingia, jina la faili lisiguswe tena. Picha ikihitaji kurekebishwa, mpya ipewe jina jipya, ya zamani ibaki palepale, na badiliko liandikwe kwenye nyongeza ya maelezo, ambayo eBay yenyewe huigongea tarehe.