Katibu, Weka Gemu Pembeni

Mtu akiinamia laptopu, watu hupita karibu yake kwa kunyata. Hata kama anaangalia tamthilia ya Kituruki na machozi yanamlengalenga, wataambizana, "Mwacheni, yuko kazini." Mimi naandika mkataba wa pango wenye vifungu na vifungu vidogo, jasho linanitiririka, mteja anaingia steshenari, ananitazama, anatikisa kichwa na kuniambia, "Kaka, ukivuka hiyo levo unihudumie."

Levo! Mkataba wa pango una levo?

Kosa la kompyuta yangu ni kuwa na vitufe pembeni. Inaitwa Steam Deck, imetengenezwa na kampuni ya Valve ya Marekani, ikaingia sokoni Februari 2022, na sibishi kwamba iliundwa kwa ajili ya gemu. Kioo chake ni cha inchi 7. Kulia na kushoto kuna vijiti vya kuzungusha kwa dole gumba, na huko juu kuna vitufe vya kuminya kwa kidole cha shahada. Ukiishika mbele ya watu umeshashtakiwa, umeshahukumiwa, bado kufungwa tu. Lakini ndani yake, jamani, kuna RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 16. Mjini hapa kuna ofisi zina kompyuta za mezani zenye RAM ya GB 4. Mtumishi akiiwasha asubuhi anakwenda kunywa chai na vitumbua, akirudi bado inazungusha kaduara, na hakuna anayemuuliza yuko levo ya ngapi.

Nimeipata kwa shemeji yangu, kaka yake mke wangu, yuko Hamburg. Kule ile ya bei ya chini, yenye nafasi ya GB 64, ilitoka kwa euro 419. Novemba 2023 likatoka toleo lenye kioo cha OLED, kile cha rangi kali zaidi, shemeji akalitamani, na hili la zamani akamkabidhi mtu aliyekuwa anakuja likizo. Wakati huo laptopu yangu ilikuwa imezima moja kwa moja. Fundi alisema ni bodi, na fundi akishasema bodi ujue anakupa pole. Januari iko mlangoni na ada zake. Umeletewa kompyuta bure hadi Mbagala, uanze kusema haina sura ya kikazi?

Basi nikaanza nayo. Unashikilia kitufe cha kuwashia, inakuletea orodha fupi, unachagua kwenda kwenye dawati, na gemu zote zinapotea. Linakuja dawati la kawaida kabisa, lina saa pembeni na pipa la takataka. Mfumo wake wa kuendeshea si Windows, unaitwa SteamOS, nao umejengwa juu ya Arch Linux. Kuna duka la programu humo, nikachukua LibreOffice ya kuandikia na Firefox ya kuingilia mtandaoni, nikawa nimefungua ofisi. Uzito wote gramu 669, hata robo tatu ya kilo haifiki. Naitia kwenye mfuko wa kaki pamoja na risiti, napanda daladala, na hakuna kibaka anayejisumbua na mfuko wa kaki.

Shida ilikuwa kuandika. Hiyo kibodi ya kwenye kioo unaiita kwa kuminya kitufe cha Steam pamoja na X. Inakuja, inakaa chini, inakula nusu ya kioo, unabaki unaona mistari miwili ya barua yako. Kibao cha kugusa cha kulia ndicho kipanya, na kitufe cha R2, ambacho wenzangu wanakitumia kufyatulia risasi, mimi nakitumia kubofya "Hifadhi". Kuna kijana alikuja kuandikiwa barua ya maombi ya kazi ya udereva. Nilipofika "Yah:" aliangalia saa. Nilipofika "Husika na kichwa cha habari hapo juu" akaniambia kwa adabu kwamba anakwenda kwanza kumwona mtu Rangi Tatu. Nasikia sasa anaendesha bajaji na anafanya vizuri.

Nikaenda Kariakoo nikanunua kibodi. Hapo nikakutana na jambo la pili: tundu la USB-C liko moja tu, nalo liko utosini. Ukichomeka kibodi, umechomoa chaja. Ikabidi ninunue na kigawanyio, chaja humo, kibodi humo, kipanya humo, flashi humo, nyaya zimetoka kichwani mwa dude utafikiri liko ICU. Na kibodi yenyewe ni ile pana ya zamani, kubwa kuliko kompyuta. Kwa hiyo wateja wapya wanadhani kompyuta ndiyo ile kibodi, na lile jingine nimeliweka pale nijiburudishe huku nawahudumia. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, ungezima hilo la gemu, hiyo kompyuta yako ingekwenda haraka."

Ningemweleza nini? Nilipunguza mwanga wa kioo. Akasema, "Ee, unaona sasa?"

Halafu kuna mambo ambayo dude hili linafanya na hakuna anayelipa sifa. Kila mwenye steshenari anazijua flashi za wateja. Flashi ya mwanafunzi wa chuo imepita kwenye kompyuta zote za mtaa, imebeba kila ugonjwa, ukiichomeka mafolda yote yamegeuka shotikati na kazi haionekani. Sasa virusi hao wametengenezwa kwa ajili ya Windows. Wanafika kwangu na vurugu zao, wanakuta Linux, hawana mwenyeji, wanakaa kimya. Na yale mafolda mara nyingi hayajafutwa, yamefichwa tu, na huku kwangu yanaonekana kama kawaida. Alikuja binti analia, utafiti wake wote umepotea, kesho anakabidhi. Nikachomeka, folda hilo hapo, sura ya kwanza mpaka viambatisho. Akafuta machozi, akashukuru Mungu, akashukuru mama yake, akaniangalia mimi na dude langu, akauliza, "Kwani na wewe huwa unacheza Fifa?"

Umeme ukikatika ndipo nilipotegemea heshima yangu itakuja. Jirani yangu ana kompyuta ya mezani na UPS, lile boksi la betri ya akiba, iliyochoka. Umeme ukienda, ile UPS inapiga kelele mara tatu na kukata roho, na barua ya mteja inakwenda nayo. Mimi betri yangu ni ya saa-wati 40. Ukicheza gemu nzito utaimaliza kwa muda wa mechi moja na dakika za nyongeza, lakini barua ya serikali ya mtaa haili umeme, unakwenda nayo mchana mzima. Basi siku hiyo giza limeingia, wateja wa jirani wakahamia kwangu, foleni mpaka kwa muuza mihogo. Naandika huyu, naandika yule, kwa mara ya kwanza nikaitwa "bosi". Wa kwanza akaniambia, "Haya bosi, itoe." Printa haina betri, ndugu zangu. Foleni ikavunjika, na mmoja wakati anaondoka nikamsikia, "Ndiyo maana nilikwambia, hii ni ya gemu."

Lakini hayo yote ni dukani, na dukani mtu anavumilia kwa sababu anatafuta riziki. Lililoniuma ni la kamati ya harusi.

Mimi ni katibu. Sikugombea, nilichaguliwa nikiwa chooni. Vikao ni Jumapili jioni, baa, chini ya mwembe. Kikao cha kwanza nimetoa kompyuta yangu, nimefungua jedwali, majina huku, ahadi huku, aliyetoa, aliyebakiza, na fomula inajumlisha yenyewe. Mwenyekiti anafungua kikao kwa sala, amefumba macho. Alipoyafumbua akaniona nimeshika dude kwa mikono miwili, vidole gumba vinakimbia. Akasema mbele ya wakwe, "Katibu, weka gemu pembeni tuanze."

Nikaeleza kwamba ni kompyuta. Watu wakacheka kicheko kile cha kumsaidia mtu. Nikaona nisikubali kudharauliwa, nikawaambia kwamba mwaka 2010 Jeshi la Anga la Marekani liliunganisha mashine za gemu za PlayStation 3 zipatazo 1,760 likapata kompyuta moja kubwa ya kuchambulia picha. Siyo maneno yangu, ni jambo linalojulikana. Na Jeshi la Wanamaji la nchi hiyohiyo kwenye nyambizi zake mpya linatumia padi ya gemu ya Xbox kuzungusha ile milingoti ya kamera ya kuchungulia nje ya maji. Kimya kikapita. Mzee mmoja upande wa bibi harusi akauliza kama ndiyo ile iliyozama wakienda kuangalia Titanic. Nikasema hapana, ile ni nyingine. Mhazini akauliza, "Na hao wanamaji wamechangia shilingi ngapi?" Kikao kikaendelea.

Kikao cha tatu ikawa siku ya kusoma madeni. Hapo mtu yeyote aliyewahi kuwa katibu anajua: kutoa ahadi ni raha, kusomewa ahadi ni matusi. Nikasoma taratibu kutoka kwenye kioo. Nikafika kwa mjomba wa bwana harusi, mtu mzima, kanzu safi, funguo za gari mezani. "Ahadi laki mbili, ametoa elfu hamsini, bado laki na nusu."

Mjomba akaweka glasi chini. "Hiyo hesabu umeitoa wapi?"

"Kwenye kompyuta, mjomba."

"Kompyuta ipi?"

Kamati nzima ikaliangalia dude. Mjomba akaligeuza, akaminya kitufe kimoja, akanirudishia kama mtu anayerudisha kidoli. "Mwanangu, hili limechanganya na pointi za gemu. Mimi nilisema laki, na nimebakiza elfu hamsini." Mwenyekiti akasema tuwe na busara. Mara shangazi naye akakumbuka kwamba yeye hakuahidi kabisa, alisema ataangalia. Kabla bia hazijaongezwa madeni yote yalikuwa yamepungua, na si kwamba kuna aliyelipa. Ingekuwa ni laptopu, hata iwe imevunjika kioo na kufungwa kwa gundi ya karatasi, wangelipa. Au wangekataa, lakini wangekataa kwa aibu.

Ikapitishwa kwa kauli moja kwamba katibu atumie kaunta buku. Mhazini akalinunua palepale dukani, kwa fedha za harusi, na hiyo shilingi elfu tano niliiona ikitoka kwa haraka ambayo sikuiona kwa mtu yeyote aliyeahidi.

Nikaandika kwa kalamu. Nimefika nyumbani, nimekula, nimelala, saa tano usiku mwenyekiti anapiga. "Katibu, huo muhtasari utume kwenye grupu la WhatsApp. Uuchape vizuri, usipige picha daftari, mwandiko wako haueleweki."

Kibodi iko dukani. Kwa hiyo saa saba usiku nilikuwa ndani ya chandarua, mwanga nimeupunguza, kaunta buku kifuani, dude mikononi, nahamisha madeni kwa vidole gumba, R2, R2, R2. Feni yake inavuma kidogo. Mke wangu akafungua jicho moja.

"Baba watoto. Saa hizi?"

"Naandika muhtasari."

Akaliangalia dude, akaviangalia vidole gumba, akanigeuzia mgongo bila neno, na mnajua wenyewe bila neno ni zaidi ya neno. Asubuhi hata chai haijachemka alikuwa ameshampigia kaka yake Hamburg, ameweka spika ili nisikie mashtaka yangu. Kwamba hiyo gemu aliyonitumia imenitoa akili. Kwamba silali. Kwamba nina watoto na nywele zimeanza kuwa nyeupe.

Shemeji akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Shemeji! Kumbe umeanza! Mimi nilijua unaandikia barua tu. Haya niambie, umekwama wapi?"

Nikamwambia nimekwama kwa mjomba wa bwana harusi, hataki kutoa laki na nusu.

Akauliza kama huyo ndiye bosi wa mwisho wa gemu au kuna mwingine nyuma yake.

Nikamwambia kuna shangazi.