Red Matter: mikono imepewa haki yake, watu wamesahaulika

Katika gemu zote za miwani ya VR, ile inayofunika macho ukajiona uko ndani ya gemu, nilizozikuta kwenye vyumba vya gemu hapa Mbeya, naiweka Red Matter juu. Najua vijana wengi wa Mwanjelwa na Kabwe watanipinga, maana wao wakivaa miwani wanataka ngumi, risasi au mazombi. Nawaelewa. Umelipia nusu saa, unataka jasho likutoke. Red Matter haikutoi jasho. Inakuweka ndani ya kituo cha utafiti kilichobaki gofu huko angani, halafu inakuambia fungua droo, soma karatasi, washa mtambo, fikiri. Mimi nasema hiyo ndiyo kazi ambayo miwani hii iliumbiwa. Na bado nina ugomvi na gemu hii, tena si mdogo.

Kwa asiyeijua: imetengenezwa na Vertical Robot, kampuni ndogo ya Hispania, ikatoka 2018 kwa wenye miwani ya kuunganishwa na kompyuta, na mwaka uliofuata ikaingia kwenye Quest, ile inayojitegemea bila kompyuta wala waya. Wewe ni wakala Epsilon. Muungano wa Atlantiki umekutuma Rhea, mmoja wa miezi ya sayari ya Zohali, ukapekue kituo cha mahasimu wao, Volgravia, ambako kulikuwa na utafiti wa siri. Ukifika, hakuna mtu. Ni Vita Baridi iliyohamishiwa angani: mabango ya serikali ukutani, zege kila upande, mitambo mikubwa yenye taa na swichi za kizamani.

Nchi zinazogombana ni za kubuni ila Rhea ni mwezi wa kweli. Mwanafalaki Cassini aliugundua mwaka 1672. Ni wa pili kwa ukubwa kati ya miezi ya Zohali, upana wake kilomita 1,527 hivi, na uvutano wake ni kama moja ya 37 ya huu wetu. Mtu anayeruka nusu mita pale uwanja wa Sokoine, kule angepaa mita 18 hivi. Nalitaja hilo kwa sababu watengenezaji wamelitumia kwa akili sana. Kila anayecheza VR anajua kizunguzungu chake: macho yanakwambia unatembea, wakati kile kiungo cha ndani ya sikio kinachotunza mizani ya mwili kinasema umekaa. Ubongo unachanganyikiwa, tumbo linaanza kupanda. Gemu nyingi hukwepa tatizo kwa kukuhamisha ghafla, ulikuwa hapa sasa uko pale, na hapo hadithi inakatika. Red Matter inakurusha kwa upinde mrefu, polepole, kama mwanaanga anavyoruka penye uvutano mdogo. Dawa ya kichefuchefu imegeuzwa kuwa sehemu ya hadithi. Nimeona watu wasioweza kumaliza dakika tano za gemu nyingine wakikaa humu raha mustarehe.

Lakini sifa yake kubwa ni mikono, na hapa naomba nikae kidogo.

Kwenye VR jicho hudanganyika upesi, mkono haudanganyiki. Unaona kikombe, unanyoosha mkono kukishika, kiganja hakikuti kitu. Gemu nyingi hukuchorea mikono ya mtu yenye vidole vitano, na papo hapo uongo unajitokeza: vidole vya kwenye picha vimezunguka kikombe, vyako vimebana rimoti ya plastiki. Red Matter hawakukupa mikono. Wamekupa vifaa viwili vya kazi vyenye umbo lilelile la rimoti ulizoshika. Unachokiona ndicho unachokihisi. Mbele ya kifaa kuna koleo. Ukibana kitufe, koleo linabana. Na kwa kuwa umevaa suti ya mwanaanga, husikitiki kwamba ubaridi wa chuma haukufikii. Ndani ya suti ile, tena kwa koleo, usingekufikia hata kama ingekuwa kweli.

Angalia kazi ndogo kama kuvuta droo ya kabati la chuma. Unapeleka koleo kwenye mshikio, unabana, unavuta kuelekea tumboni, na droo inakuja kwa mwendo wa mkono wako. Ndani kuna karatasi. Unaiokota, unaisogeza karibu na uso, unakuta imeandikwa Kivolgravia ambacho hukijui. Unakigeuza kifaa cha mkononi kuwa cha kutafsiri, unakielekeza kwenye maandishi, na maana inajitokeza mbele yako. Ukiingia chumba chenye giza, kifaa hichohicho kinakuwa tochi. Hakuna orodha ndefu za kufungua na kufunga, hakuna alama zinazoelea hewani kukuambia nenda huku. Saa nzima inapita ukiwa unashika, unageuza, unasoma, unachomeka.

Niliwahi kuweka kiganja juu ya Kimondo cha Mbozi pale Ndolezi, chuma kitokacho angani chenye uzito unaokadiriwa kufika tani 16. Ule ubaridi, na zile kingo laini zilizosuguliwa na mikono ya wageni, hakuna miwani itakayonipa. Red Matter haijaribu kunipa. Imekubali mipaka ya kifaa, ikajenga hadithi ndani ya mipaka hiyo, na ndiyo maana naiamini kuliko gemu zenye mbwembwe.

Picha nazo ni za kusifiwa. Miwani ya Quest ya kwanza ilitumia chipu ya simu, Snapdragon 835, na bado kuta za zege, mng'ao wa vyuma na ukubwa wa kumbi vinakufanya uinue kichwa kutazama dari. Siri ni kwamba ni gemu ya vyumba vilivyotulia, hakuna umati wa kukimbizana, kwa hiyo nguvu yote ya kifaa inakwenda kwenye mwanga na kuta. Sina zaidi la kusema hapo; vaa uone.

Kuhusu miwani yenyewe, watu wa nyanda za juu tuna taabu zetu. Mwezi wa sita na wa saba, ukitoka nje kwenye baridi ukavaa miwani, pumzi na joto la uso vinaweka ukungu kwenye lenzi mara moja. Dawa yake ni kuiacha iwake dakika chache ipate joto kabla ya kuivaa, na kuifuta kwa kitambaa laini, si kwa pindo la fulana. Mikanda yake haikumfikiria mwenye rasta; nimeona dada wakihangaika hadi wakakata tamaa. Kwa upande mwingine umeme ukikatika miwani inaendelea kwa chaji yake, wakati wanaocheza PlayStation kwenye TV wamekaa gizani.

Sasa ugomvi wangu.

Kituo kile hakina watu. Wakazi wake unakutana nao kwenye karatasi walizoziacha. Mwanzoni upweke huo ni mtamu, unakusisimua, kila mlango unaufungua kwa wasiwasi. Ukishazoea, unaanza kutamani mtu. Mtu wa kukutazama usoni, wa kukuuliza umefuata nini. Na wasiniambie kwamba VR haiwezi. Mwaka 2017 ilitoka gemu ya Lone Echo, ya kampuni ya Ready At Dawn, nayo ipo hukohuko Zohali. Humo wewe ni roboti aitwaye Jack, na unafanya kazi na binadamu, kapteni Olivia. Anakuangalia, anakutania, anakutuma kazi. Unaelea bila uzito kwa kujivuta kwenye vyuma na kujisukuma ukutani, mikono kazini vilevile, lakini kuna mtu wa kumjali. Shida ni kwamba ilitengenezwa kwa miwani ya kuunganishwa na kompyuta yenye nguvu, na kompyuta ya namna hiyo ni wachache hapa wanaoimudu. Kwa wengi wetu Zohali tunayoweza kuifikia ni hii ya Red Matter, yenye karatasi.

Na karatasi zenyewe zinanikera kwa jambo jingine. Kwa sehemu kubwa ni sauti za watafiti na wakubwa zao. Pande ni mbili tu, Atlantiki na Volgravia, kama vile duniani hakukuwa na mwingine. Mimi ni mtu wa Mbeya. Nikiziona kumbi zile za zege na dari za juu, nakumbuka stesheni yetu ya TAZARA. Reli ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, baada ya nchi za Magharibi na Benki ya Dunia kukataa kuigharimia. Katikati ya Vita Baridi! Na nchi yetu ilikuwa kati ya zile zisizofungamana na upande wowote. Watanzania, Wazambia na Wachina walitoboa milima kati ya Mlimba na Makambako, mahandaki na madaraja yake bado yapo, na wazee waliofanya kazi ile bado wapo baadhi, ukikaa nao wanakusimulia.

Kwa hiyo gemu inapochukua Vita Baridi na kuipeleka hadi Zohali, nauliza: nani alimwaga zege lile? Nani alikuwa anapika? Alitoka nchi gani, na ile vita ya wakubwa ilimhusu nini? Kituo kizima kina mabango ya serikali na ripoti za maabara, lakini mshika koleo wa kweli, yule ambaye kazi yake ndiyo naiiga saa zote ninazocheza, sijui hata jina lake. Hilo naliona pengo kubwa kuliko lolote la kiufundi, kwa sababu gemu iliyoheshimu mikono kiasi hiki ilikuwa na nafasi nzuri kuliko nyingine zote ya kutuonyesha wenye mikono.

Ugomvi wa pili ni mafumbo. Ni ya haki, majibu yote yamo humo ndani ukisoma vizuri. Tatizo ni kwamba ukishajua jibu, fumbo limekufa. Gemu nzima ni ya saa chache, tatu au nne, na hakuna sababu kubwa ya kuirudia isipokuwa kwenda kumwonyesha mwingine. Anayenunua miwani yake akaiweka nyumbani anaweza kuyatafuna polepole, jioni moja chumba kimoja. Sisi tunaolipa kwa nusu saa tunabanwa. Maandishi ni Kiingereza, kijana anataka kuyasoma kwa utulivu, macho yake yanawaza saa. Anaruka karatasi, na akiruka karatasi fumbo linamgomea. Halafu akija kesho anakuta aliyecheza baada yake ameanza upya juu ya akaunti ileile, safari yake imefutika. Hapo kijana anarudi kwenye mazombi, na mimi simlaumu.

Nimeona dawa ya ule upweke wa kituo kisicho na watu, na haikutoka kwa watengenezaji. Chumba kimoja cha gemu hurusha picha ya miwani kwenye TV, basi benchi zima linaona anachokiona mwenye miwani. Siku moja jamaa amesimama mbele ya mtambo wenye swichi, kakwama, na benchi limepamba moto.

"Kaka, rudi kwenye lile bango, hujalisoma!"

"Nimelisoma."

"Umesoma juu. Chini je?"

Akarudi, akaelekeza kifaa, maandishi ya chini yakatoka. Dada mmoja aliyekuja kumsubiri mdogo wake ndiye aliyetafsiri kwa sauti, kila mtu akasikia, na hapo ukaanza ubishi wa swichi ipi itangulie. Mtambo ulipowaka walipiga kelele kama goli limeingia. Gemu ya mtu mmoja ikawa ya watu saba. Hivyo ndivyo napenda ichezwe, na nadhani hata walioitengeneza Hispania wangefurahi kuliona lile benchi.

Agosti 2022 walitoa Red Matter 2. Picha zimepanda zaidi, kuna jeti ya mgongoni ya kurukia mabonde, na kuna bastola. Hiyo bastola siipendi. Mkono uliofundishwa upole kwenye droo na karatasi ghafla unalazimishwa kulenga mitambo inayoruka, kwa vifaa vilevile ambavyo havikuundwa kwa haraka hiyo. Wao waliongeza mapigano. Mimi ningeongeza mpishi mmoja wa kituo, aliye hai, anayeongea.

Wenye vyumba vya gemu, Mbeya hata Iringa, nawaomba mambo mawili. Quest inaruhusu kufungua akaunti za ziada. Mfungulieni mteja anayerudi ya kwake ili aikute safari yake alipoiachia. Na kwa gemu hii achaneni na bei ya nusu saa. Pangeni bei ya hadithi nzima, mtu aimalize kwa awamu zake, na TV iwashwe benchi lione. Anayeanza achague mwendo wa kuruka badala ya kutembea kwa kijiti cha rimoti, akae kwenye kiti kinachozunguka, na asome kila karatasi hadi mstari wa chini.