Mshenga Aliyesikia Nusu

Kamati za harusi za Dar zina utaratibu wake. Waliomaliza mchango mapema hukaa mbele, karibu na keki. Sisi tuliotuma hela siku ya mwisho, baada ya mweka hazina kupiga simu hadi akachoka, tulipewa meza ya pembeni, chini ya spika. Na si spika za sebuleni hizo. Zilipandana kukaribia dari, na singeli ilipofunguliwa, glasi yangu ya soda ilihama yenyewe mezani ikaenda kwa jirani. Nikamwambia, "Samahani, hiyo yangu." Akanijibu, "Ahsante, nimeshakula."

Usiku nililala na nyenze kichwani, wiiiii mpaka alfajiri. Na asubuhi hiyohiyo nilikuwa mshenga.

Tulikwenda Mbagala kumposea mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo. Tukavua viatu, tukakaa mkekani, shikamoo zikapita. Midomo naiona inacheza, maneno yananifikia nusunusu. Kelele huanza kula sauti nyembamba, hizi s, f na sh. Vokali zinabaki. Kwa hiyo sikuwa kiziwi kabisa, nilikuwa nasikia vokali.

Shangazi wa binti, mama mmoja mwenye macho ya ukaguzi, akaniinamia: "Mshenga, kijana anavuta?"

Mimi nikasikia "anafunga". Swali zuri la watu wa dini! "Sana, shangazi! Alianza yuko darasa la pili. Baba yake ndiye aliyemzoesha."

Mkeka mzima kimya. Baba mdogo, ambaye ndiye huyo baba mwenyewe, akanifinya paja. Nikadhani ananipongeza, nikaongeza: "Kwao siku nyingine nyumba nzima, mpaka bibi."

Ikafika mahari. Mzee wao akakohoa, akataja. Nikasikia laki sita. Nyumbani tulijipanga kwa saba! Nikadaka kabla hajabadili mawazo: "Tumekubali, mzee wetu. Kwa kweli tulidhani mtataja kubwa." Wazee wakatazamana. Hata muuza mitumba wa Karume ukikubali neno lake la kwanza hukosa raha.

Alikuwa amesema tisa. Hebu toa s kwenye sita na tisa uone kama wewe ungezitofautisha.

Suala la kuvuta baba mdogo alilieleza mpaka wakaridhika, isipokuwa shangazi. La mahari halikuwa na maelezo, mshenga akishakubali amekubali. Baba mdogo akatoa hukumu njiani, mbele ya abiria wa daladala, kwamba laki mbili zilizozidi nitazitoa mimi.

Nyenze alipokataa kuhama nikaenda zahanati. Nesi akaniambia mara nyingi hali hiyo hupita, ila vile vijinywele vya sikio la ndani vikifa havioti tena. Kuku huotesha vipya, binadamu hapana. (Nilitoka pale nikimwonea kuku wivu.) Akanipigia na hesabu: kwa sauti ya desibeli 80, Shirika la Afya Duniani linakupa saa 40 kwa wiki. Kila zikiongezeka 3, muda unakatika nusu. Zikifika 100, una kama dakika 20 tu kwa wiki nzima. Nikakumbuka kuwa MC alizimaliza hizo kwa kuitambulisha kamati peke yake.

Akaniambia nisihangaike na pamba, haizuii kitu cha maana. Ninunue vizibo vya sponji. Unakisokota kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba, unavuta sikio kwa juu, unakitumbukiza na kukishikilia hadi kivimbe.

Basi siku ya harusi nikachagua meza ya mbali kabisa, karibu na mlango. MC alipoonja maiki, "tsi, tsi, wani tuu," nikatoa kizibo changu nikaanza kukisokota taratibu chini ya meza, huku nachungulia kulia na kushoto, maana kuziba masikio kwenye harusi ya kwenu si heshima. Nikainua macho, nikakutana na shangazi. Amesimama na sahani ya pilau, anaangalia vidole vyangu.

Akamgeukia mwenzake: "Si nilikwambia? Ukoo mzima."