Mjakaranda au mkrismasi? Tuanze na mizizi, rangi itafuata

Ubishi wa mjakaranda na mkrismasi huwa wa rangi. Mmoja atasema hakuna mti unaotandika zulia la zambarau kama ule. Mwenzake atajibu kwamba wekundu wa mkrismasi ukiwaka, hata asiyejali miti husimama akautazama. Wote wana haki, na wote wanabishania wiki chache tu za mwaka. Miezi mingine yote mwenye bustani anaishi na kivuli, majani yanayodondoka, maganda na mizizi. Miti yote miwili nimeipanda, mmoja nimeukata kwa mikono yangu. Siku hizi mtu akiniuliza achague upi, namuuliza kwanza hali ya hewa ya kwake, kisha kuna mita ngapi kati ya shimo na ukuta.

Majina nayo yanahitaji kusafishwa kabla hatujafika mbali. Mkrismasi ninaousema ni Delonix regia, wenye maua mekundu na mwavuli mpana, si ule mti wenye majani kama sindano unaopambwa kwa taa. Wapo pia wanaouita mjohoro, ilhali kwa wengine mjohoro ni Senna siamea, mti mwingine kabisa wenye maua ya manjano. Kwa hiyo ukitaja jina tu kitaluni, unaweza kurudi na mche usioutaka.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu miche ya mjakaranda na mkrismasi inafanana mno. Yote miwili ina majani yaliyochanika mara mbili, mepesi kama unyoya. Tazama jinsi majani yalivyokaa kwenye tawi: ya mjakaranda hutoka mawili mawili yakitazamana, ya mkrismasi hupishana, moja huku na moja kule. Kisha shika kijani kimoja, yaani kile kijisehemu kidogo cha jani. Cha mjakaranda kina ncha iliyochongoka, cha mkrismasi kimeviringa mwishoni. Pamoja na mfanano huo wala si ndugu. Mkrismasi ni wa jamii ya mikunde, na mjakaranda uko ukoo mmoja na mwegea.

Haya, hali ya hewa. Mjakaranda ninaouzungumzia, Jacaranda mimosifolia, asili yake ni kaskazini-magharibi mwa Argentina na kusini mwa Bolivia, mahali penye majira ya ubaridi na ukame kabla ya joto kurudi. Mti huu umeyazoea majira hayo. Hupukutisha majani, hukaa kimya, kisha huchanua mara nyingi kabla majani mapya hayajajaa, ndiyo maana unaonekana wote zambarau. Ukiupanda bondeni kwenye joto na unyevunyevu mwaka mzima utakua, tena vizuri, lakini maua yatakuwa ya kuhesabu. Mkrismasi ni mwenyeji wa misitu mikavu ya Madagaska. Unapenda joto, unavumilia ukame na hata upepo wa chumvi, ila jalidi, yaani umande ulioganda kwa baridi kali, hauiwezi. Asubuhi moja ya jalidi yatosha kuua mche, ilhali mjakaranda ukishakomaa hustahimili baridi ya kiasi hicho ikiwa nyepesi na ya muda mfupi.

Kwa watu wengi ubishi ungepaswa kuishia hapo. Anayeishi nyanda za juu na kung'ang'ania mkrismasi, au anayeishi bonde la joto na kudai zambarau, anapigana na mti wake mwenyewe. Wanaobaki na uamuzi wa kweli ni wale wa katikati, ambako miti yote miwili huchanua vizuri. Nitaendelea na hao.

Mkrismasi wangu niliupanda hatua sita kutoka ukuta wa ua. Mche ulikuwa unanifika kiunoni, hatua sita nikaziona ni ukarimu. Sikuwaza kwamba mti huu haupandi juu sana, mara nyingi mita tisa hadi kumi na mbili, bali unatanuka, hadi upana wa mwavuli ukazidi urefu wa mti. Mizizi yake nayo hutanuka hivyo hivyo, minene, ikitambaa karibu na uso wa ardhi na kuvimba karibu na shina. Iliinua vigae vya njia kimoja kimoja, kisha ikaanza kuusukuma ukuta. Nilichimba na kukata mzizi mkubwa wa upande huo, jambo ambalo simshauri mtu, kwa sababu mti wenye mwavuli mpana ukiukata mzizi upande mmoja umeuondolea kishikilio chake dhidi ya upepo. Mwisho niliuangusha wote kabla haujaniangukia. Leo nisingeupanda chini ya mita kumi na mbili kutoka jengo, ukuta, bomba la maji taka au njia ya zege. Ikiwa kiwanja hakina mita hizo, sioni cha kujadili.

Mjakaranda una adabu zaidi ardhini. Sisemi hauharibu kitu. Mkubwa wake hufika mita ishirini, na mti wa kimo hicho ukibanwa kati ya lami na ukuta utatafuta njia. Lakini mita sita hadi nane kutoka jengo huwa zinatosha, na chini yake nyasi huendelea kuishi kwa sababu kivuli chake ni chepesi, kimejaa matundu ya jua. Chini ya mkrismasi mkubwa nyasi hukata tamaa, kivuli kizito juu na mizizi inayonyang'anya maji chini. Hata hivyo mtu anayetaka baraza la nje, viti na meza, ataniambia kasoro hiyo ndiyo anayoitafuta, nami sitabishana naye. Kwa kivuli cha kukalia mchana wa joto, mjakaranda hauufikii mkrismasi.

Uchafu ni suala la ladha. Maua ya mjakaranda yakidondoka ni mazuri siku mbili, kisha huoza, huteleza kwenye vigae, huziba mifereji ya paa, na nyuki hubaki wakiyafuata chini, kwa hiyo watoto wasitembee pekupeku. Kando ya bwawa la kuogelea ni adhabu. Mkrismasi hudondosha vijani vidogo vinavyopenya kila ufa, na maganda yake ni magumu, marefu hata kufikia sentimita sitini, yakining'inia miezi kwa miezi na kucheza kama kayamba upepo ukipita. Wapo wanaoipenda sauti hiyo. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni matawi, kwani mbao za mkrismasi ni dhaifu na tawi zito hukatika kwenye dhoruba. Usiegeshe gari chini yake.

Sasa upande ambao wapenzi wa mjakaranda huuruka. Mbegu zake zina mbawa, ni nyepesi, na hupeperuka. Afrika Kusini sheria imeuweka katika orodha ya mimea vamizi, na hii ndiyo nchi yenye Pretoria, inayojulikana duniani kama jiji la mijakaranda, ambako miti hiyo ilianza kupandwa mwaka 1888. Australia nako umetoka bustanini ukaota kandokando ya mito. Kichekesho chenye uchungu ni kwamba huko kwao Amerika ya Kusini, mjakaranda wa porini umeorodheshwa na IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, kuwa spishi inayoweza kuhatarika (Vulnerable), kwa kuwa misitu yake imefyekwa kupisha mashamba. Mkrismasi nao hujiotea hapa na pale, lakini mbegu yake ni nzito na huanguka karibu na mama. Bustani yako ikipakana na mto au msitu wa asili, naona hoja hii inashinda mambo yote niliyousifu mjakaranda hapo juu.

Utunzaji una mtego mmoja, kisu cha kupogolea. Miti hii inataka mambo yanayopingana. Mkrismasi unahitaji kupogolewa ukiwa mdogo. Chagua shina moja, ondoa panda zenye pembe finyu zinazopasuka baadaye, pandisha mwavuli polepole ili watu wapite chini. Usipofanya hivyo miaka mitatu minne ya mwanzo, utakuwa na mti unaoanza matawi kiunoni. Mjakaranda, ukiacha shina la kuongoza na matawi makavu, unataka uachwe. Niliwahi kuukata mmoja kichwa ili usiguse waya, nao ukajibu kwa fimbo kumi na zaidi zilizosimama wima kama mifagio iliyopinduliwa. Umbo lile la mwavuli mlegevu halikurudi. Kama kuna waya juu, panda mti mwingine.

Kwa mengine miti hii haitofautiani sana. Jua kamili, udongo usiotuamisha maji, shimo pana mara mbili ya donge la mizizi lakini lisilozidi kina chake, matandazo yasiyogusa shina, maji ya kutosha kila wiki katika mwaka wa kwanza na wa pili. Mbegu ya mkrismasi ina ganda gumu, hivyo ikwaruze au uimwagie maji ya moto na kuiacha ilale humo usiku mmoja. Ya mjakaranda huridhika na maji ya kawaida.

Subira ndiyo inayowashinda wengi. Mjakaranda wa mbegu unaweza kuchukua miaka saba hadi kumi na minne kabla ya ua la kwanza. Mkrismasi mara nyingi hutangulia, miaka mitano ukibahatika, kumi usipobahatika. Anayetaka zambarau bila kungoja hivyo atafute mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mti unaochanua tayari. Kisha aache kuupenda kupita kiasi. Simu ninazopigiwa kuhusu mti mkubwa, mzima, wa kijani kibichi na usiochanua karibu zote zinatoka kwa watu wenye mti katikati ya nyasi zinazomwagiliwa kila jioni na kutiwa mbolea ya naitrojeni. Huwa nawaambia wafunge bomba upande ule wa bustani kiangazi kitakapoanza, na mfuko wa mbolea waupeleke kwenye mboga.