Jibu la 200 halijasema pesa imeingia

Waulize vijana wanaotengenezea hoteli, nyumba za kupangisha na mashua za Malindi na Watamu mifumo ya kuweka nafasi. Wengi watakwambia kwamba majaribio ya yuniti, yaani programu ndogo zinazokagua vipande vya mfumo na kujiendesha zenyewe, ni mambo ya benki za Nairobi. Mteja anataka mfumo uwe hewani kabla ya Desemba, bei ameshaipiga chini, na timu nzima ni mtu na mwenzake. API, ule mlango ambao programu moja hupitia kuomba kazi kwa nyingine, wanaijaribu kwa mkono: wanafungua Postman, programu ya kutuma maombi hayo, wanatuma ombi, wanaona 200, namba ya kusema ombi limefaulu, wanakabidhi kazi. Sidhani ni uvivu. Ila hesabu yao ina kasoro: wanaangalia muda wa kuandika jaribio, hawaangalii mambo ambayo mkono hauyawezi hata ukipewa mwezi mzima.

Hoja yao ya nguvu ni hii. Jaribio la yuniti hutenga kipande kimoja cha msimbo, yaani maandishi ya programu, na badala ya hifadhidata na huduma halisi ya malipo hukipa viigizo, vitu vya bandia vinavyojibu kama vile halisi. Kiigizo kinajua kile tu alichokijua aliyekiandika. Namba za simu za mkononi Kenya tulizizoea zikianza na 07, mpaka 2019 zilipoingia za 01. Jaribio lililoandikwa 2018 kuhakikisha kwamba 011 inakataliwa lingeendelea kufaulu kila siku, huku wenye laini mpya wakifungiwa mlango. Lingekuwa linatunza ujinga wa zamani kwa uaminifu mkubwa. Kuna pia majaribio yaliyong'ang'ania matumbo ya msimbo: badili jina moja la ndani, nusu yanaanguka, ingawa API inajibu vilevile. Na fomu inayopokea jina na barua pepe tu, hata mimi nisingeihangaikia.

Sasa njoo kwenye malipo. Mgeni anabonyeza kulipa, mfumo wako unatuma ombi kwa Daraja, ile API ya M-Pesa, nayo inajibu kwa namba 0. Jibu hilo lina maana moja: ombi limepokewa. Huenda mgeni hajaweka hata namba ya siri. Matokeo yenyewe huja baadaye, kwa ombi jingine kutoka kwao kuja kwenye anwani uliyowapa, na ndani yake mna namba ya pili: 0 pesa ikiwa imelipwa, 1032 mwenye simu akighairi, 1 salio lisipotosha. Anayejaribu kwa mkono hulipa shilingi 1 kwa simu yake, anaona chumba kimeandikwa kimelipiwa, anafunga kompyuta. Lakini kimeandikwa hivyo kwa sababu ya 0 ya kwanza au ya pili? Kwa macho huwezi kujua, maana zote mbili zilikuja, zikafuatana kwa muda mfupi.

Utasema utajaribu na kughairi pia. Sawa, hilo mkono unaliweza. Je, matokeo yakifika mara mbili? Yakifika chumba kimeshapewa mtu mwingine? Yakija na kiasi kisicholingana na bei? Je, akiyatunga mtu baki aliyeigundua anwani yako? Hapo simu yako haina msaada. Jaribio la yuniti linaita kipande kinachopokea matokeo mara mbili, kwa kitambulisho kilekile cha muamala, kisha linahesabu malipo yaliyoandikwa. Yakiwa mawili, msimbo haupiti. Ni mistari michache, na haigusi shilingi ya mtu.

Saa nazo zina vituko vyao. Kenya iko saa 3 mbele ya UTC, saa ya dunia inayopimiwa nyingine zote, mwaka mzima. Italia, ambako Malindi imekuwa ikipata wageni miaka na miaka, husogeza saa zake mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba. Mtu wa Roma akiweka nafasi saa 22:30 mwezi Julai, Malindi ni 23:30 ya tarehe ileile. Akifanya hivyo Desemba, Malindi ni 00:30 ya kesho yake. Kama ofa inafungwa tarehe 20, yule wa Julai anaipata, wa Desemba anaambiwa amechelewa. Kosa hilo hulala kipindi chote cha kusi, likaamka kaskazi, msimu wa wageni ukiwa umepamba moto. Jaribio unalipa saa ya bandia, unaiweka Julai, unaiweka Desemba, na kabla hujaliandika itabidi umuulize mwenye hoteli: ofa inafungwa kwa tarehe ya nani? Postman haingekuuliza.

Tena, kufikia huo msimu, aliyejenga mfumo huenda ameshapata kazi Mombasa. Anayeitwa kurekebisha ni mwanafunzi wa atachimenti ambaye msimbo ule ndiyo kwanza anauona. Timu kubwa ina mtu wa kazi ya kupima peke yake. Timu ya watu wawili haina, na hapo ndipo ile hoja ya udogo inaponishinda kuielewa.

Kwa hiyo ningeandika majaribio ya malipo, tarehe na nafasi za vyumba, nikaacha fomu na kurasa za maelezo zijaribiwe kwa mkono. Yajiendeshe kila msimbo unapobadilishwa. Kwa kuwa viigizo huchakaa, kama zile namba za 01 zilivyoonyesha, machache yapigwe mara kwa mara kwenye mazingira ya majaribio ya Daraja yenyewe, lakini hayo yasizuie kazi kupelekwa, maana mtandao ukikatika yataanguka bila kosa la mtu. Mwenye hoteli hatakubali kuona mstari wa majaribio kwenye ankara, wala sioni haja ya kumwekea. Gharama yake iingie ndani ya bei ya kuunganisha M-Pesa.