Mtoto akiacha shule, pesa ya matunzo inakoma lini?

Kijana wa miaka 16 ameacha shule akiwa kidato cha pili. Mwisho wa mwezi mama anasubiri muamala, hauingii. Baba akipigiwa anajibu: "Nilikuwa namsomesha. Sasa nasomesha nani?" Ugomvi wa namna hii ni wa kawaida kwenye ofisi za ustawi wa jamii, na kila upande huja ukiamini sheria iko nao.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 (Zanzibar wana yao ya 2011) haikuyafunga matunzo kwenye geti la shule. Mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na umri huo ndio ukomo wa kawaida wa amri ya matunzo inayotolewa na mahakama. Wajibu wa mzazi umetajwa kimoja kimoja: chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na malezi, mpaka nafasi ya kucheza. Elimu imo, lakini ni kitu kimoja katika orodha. Aliyeacha shule bado anakula na kulala, na akiugua lazima apelekwe hospitali.

Hata hivyo hoja ya baba haifai kupuuzwa. Tuchukue mfano wa amri ya shilingi 150,000 kwa mwezi, ambapo 60,000 ilihesabiwa kwa nauli ya shule, madaftari, sare na michango. Kijana akiacha, hizo 60,000 hazina tena kazi iliyokusudiwa. Baba huyo pengine ana watoto wengine wadogo, na sheria yenyewe inaitaka mahakama iangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu yao kwa watoto wengine na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Kuendelea kulipa kana kwamba hakuna kilichobadilika ni kumwonea.

Anapokosea ni kujipunguzia mwenyewe, au kukata kabisa. Amri ya mahakama inabadilishwa na mahakama. Mlango upo: anapeleka maombi ya kubadilisha au kufuta amri, anaonyesha kilichobadilika, na mama anasikilizwa. Asipofanya hivyo amri inabaki ilivyo, na kila mwezi anaoruka unageuka deni. Miezi 10 ya kimya kwa amri ya 150,000 ni shilingi 1,500,000, na siku ya kudaiwa hawezi kujitetea kwa kusema mtoto alikuwa haendi shule. Kama makubaliano yalikuwa ya mdomo au ya kuandikishana ustawi tu, basi warudi hapohapo waandike kiwango kipya chenye tarehe na sahihi za wote wawili. Na mama aliyejua tangu Machi kwamba mtoto haendi shule, akanyamaza mpaka Septemba huku akipokea pesa ya michango, naye amejiharibia. Mbele ya hakimu, kuficha huko kunapunguza uzito wa mengine yote atakayosema, hata yaliyo ya kweli.

Hoja ngumu zaidi ni ya kijana anayeingiza chochote. "Yuko gereji, ana pesa zake." Haya, tuzihesabu. Mwanafunzi wa ufundi anayepewa 3,000 kwa siku, kwa siku 24, anapata 72,000. Nauli ya 700 kwenda na 700 kurudi ni 33,600. Chakula cha mchana cha 1,500 ni 36,000. Zinabaki 2,400 kwa mwezi mzima, na hapo hajanunua sabuni. Huyo hajitegemei; anajifunza kazi, na kwa maoni yangu posho ya namna hiyo isitumike kufuta matunzo. Aliyeajiriwa kwa mshahara unaolipa chumba na chakula ni habari nyingine, na hapo baba ana haki ya kuomba amri ipunguzwe au ifutwe. Kipimo ni kinachobaki mkononi baada ya gharama za kwenda kazini, na kinapimwa kwa ushahidi. Maneno ya jirani hayatoshi.

Wasichana walioacha shule kwa ujauzito ndio huumizwa zaidi na kauli ya "si kashaacha". Tangu Waraka wa Elimu wa Novemba 2021, wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Baba anayekata pesa wakati huo anamnyima binti nauli ya kurudia darasa, na mwaka ukipita hivyo kurudi kunazidi kuwa kugumu.

Kisha kuna miaka 18 yenyewe. Sheria inairuhusu mahakama kuendeleza amri baada ya umri huo ikiwa kijana yuko kwenye masomo au mafunzo, na maombi yanaweza kuletwa na mzazi, anayemlea au kijana mwenyewe. Tatizo liko kwenye kalenda yetu. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, matokeo hutoka Januari, kidato cha tano huanza Julai. Aliyetimiza 18 mwezi Februari yuko nyumbani, hana darasa. Baba anasema amri imekufa na mtoto hasomi. Mama anasema anasubiri kupangiwa shule. Kwa maneno makavu ya sheria baba ana pa kusimamia. Kwa haki naona mama ana nguvu zaidi, maana pengo hilo limewekwa na ratiba ya serikali, kijana hakulichagua.

Ndiyo maana maombi ya kuendeleza yapelekwe miezi miwili au mitatu kabla ya siku ya kuzaliwa, amri ikiwa bado hai. Viambatanishwe cheti cha kuzaliwa, nakala ya amri, matokeo ya NECTA (Baraza la Mitihani) yakishatoka, na fomu ya kujiunga na shule aliyopangiwa, au barua ya VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi) pamoja na risiti ya malipo ya chuo. Kama fomu ya kidato cha tano haijatoka, iombwe barua ya mkuu wa shule alikomaliza, na hakimu aelezwe waziwazi ni lini uchaguzi unatarajiwa, ili asione pengo hilo akadhani kijana ameshamaliza safari ya shule.