Taarifa ya saa moja, usingizi wa saa nne

Hapa Amu, yaani mji wa Lamu, taarifa ya saa moja usiku huangukia kati ya Maghribi na Isha, chakula kikiwa bado jikoni. Runinga huwashwa kwa ajili yake, na mara nyingi haizimwi hadi watu wakalale. Barazani ubishi ni uleule: wako wasemao habari zinaharibu akili, ziachwe, na wako wasemao asiyefuata habari ni sawa na nahodha anayetweka tanga bila kutazama wingu. Wote wana hoja. Ila wanabishana kama kuangalia au kutoangalia, na hawaulizi jambo lilelile linaangaliwa mara ngapi.

Tuanze na wanaoogopa. Baada ya mabomu ya mbio za Boston, Aprili 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Irvine, Alison Holman na wenzake, waliwahoji Wamarekani zaidi ya 4,000. Waliofuatilia habari za mabomu yale kwa saa sita au zaidi kila siku, katika wiki iliyofuata, walikuwa na dalili kali za mfadhaiko kuliko hata waliokuwa karibu na mlipuko. Mtu anaweza kupinga kwamba mwenye hofu ndiye asiyeng'oka mbele ya runinga, na ni kweli. Mwaka 2019 baadhi ya watafiti haohao walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu kwa miaka mitatu: habari zilizidisha hofu, na hofu ikawarudisha kwenye habari za msiba uliofuata kwa hamu kubwa zaidi. Ni kama kunywa maji ya chumvi.

Shakahola, msitu wa Kilifi ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walikufa kwa kufunga kula, ilituonyesha jambo hili kwa karibu. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, na mochari iliyoipokea ni ya hospitali ya Malindi. Picha ilikuwa moja: watu waliovaa nguo nyeupe za kujikinga wamebeba mfuko. Ihesabu. Mchana saa saba, usiku saa moja, saa tatu kwenye taarifa ya Kiingereza, asubuhi yake kwenye mjadala, halafu klipu kwenye kundi la familia. Mwili uliofukuliwa mara moja msituni umefukuliwa mara tano sebuleni. Mtu mzima anajua ni marudio, japo mwili wake hushtuka vilevile. Mtoto mdogo huenda asijue. Kwake kila picha yaweza kuwa tukio jipya.

Kuna na kero ya jina, kwani Lamu ni kisiwa na pia ni kaunti nzima. Kichwa cha habari kikisema "shambulizi Lamu", jamaa walioko Mombasa huanza kupiga simu Amu, Shela, hata Faza, wakati tukio limetokea bara, pengine safari ya saa nyingi kutoka kisiwani. Mwaka 2014 Mpeketoni, huko bara, iliposhambuliwa, watu zaidi ya 60 wakauawa, msiba ulikuwa wa kaunti nzima na kafyu iliyofuata ilitugusa sote. Lakini si kila "Lamu" ya runinga ni mlangoni kwako. Sikiliza kijiji na barabara kwanza, kisha ndipo uogope ukitaka.

Sasa upande wa pili, ambao mimi nauona mzito kuliko unavyopewa. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi ya tsunami yalichukua saa kadhaa kuvuka Bahari ya Hindi. Habari zilitangulia, watu wakaondolewa ufukweni, na Kenya ikapoteza mtu mmoja. Somalia, ambako ni kweli mawimbi yalipiga kwa nguvu zaidi, walikufa karibu 300. Habari za namna hii hazimchoshi mtu, kwa sababu zinamwachia la kufanya: vuta mashua, ondoka pwani. Mvuvi anayesikiliza utabiri wakati wa kusi hutoka kwenye redio ametulia, hata ukiwa mbaya.

Na kuzimwa kwa habari nako hakuleti utulivu. Januari 30, 2018, serikali ilipozima vituo vikubwa vya runinga, watu walihamia kwenye simu zao, na huko hakuna mhariri. Lisemwalo lipo, wakasema, na yasiyokuwapo yakapita humohumo.

Kwa hiyo sishauri mtu afunge king'amuzi. Chagua taarifa moja kwa siku, ya saa moja wala si ya saa tatu, ili zibaki kama saa tatu kabla ya kulala. Kama usiku ndio unaokusumbua, tumia redio: habari ni zilezile, picha hamna. Mjadala wa baada ya taarifa uachwe, kwani aghalabu hauna jipya. Runinga inayonguruma pembeni bila mtazamaji izimwe, maana ndiyo inayowafikia watoto.

Kwenye WhatsApp, ingia mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, uondoe alama ya video kwenye upakuaji wa moja kwa moja. Wengi huiondoa kwenye data ya simu tu, wakafika penye Wi-Fi klipu zote zikamiminika kwa mkupuo. Iondoe kote kuwili. Kundi lisilonyamaza ulinyamazishe wewe mwenyewe. Kujitoa kwenye kundi la ukoo ni kutafuta kesi.

Jipe wiki mbili, ukiandika saa unayolala na mara unazoamka usiku. Usingizi usiporudi, angalia deni, ugonjwa au mirungi ya jioni kabla ya kuilaumu runinga. Na kama ni ndoto za tukio lilelile, kushtuka kwa kila mlango unaobamizwa, na mwezi umepita, nenda hospitali.